Tusiishie Nusu ya Sentensi

Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, kwa maana tumechagua somo ambalo wengi wetu tuliliacha shuleni pamoja na madaftari: sarufi ya Kiingereza. Tunajua wapo watakaotaka kukimbilia ukurasa wa mapishi. Kabla hamjafunua, sikilizeni kwanza habari ya jirani yetu mmoja.

Mama huyu ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache. Siku moja mtoto alishikwa na homa, akampeleka zahanati. Daktari akampima, akampa dawa ya maji ya kutuliza homa, akamweleza kipimo na saa za kumpa. Mama akarudi nyumbani moyo umetulia. Usiku homa ikapanda. Akaichukua chupa, na kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo tena ya Kiingereza, akamwamsha binti yake wa kidato cha kwanza amsomee. Binti akasoma kwa sauti: "Do not give this medicine to a child under two years." Hapo akasimama, akasema, "Mama, wanakataza. Wanasema usimpe mtoto wa chini ya miaka miwili."

Mama akaogopa, akairudisha chupa kabatini. Usiku kucha alikaa na kitambaa chenye maji, akimpangusa mtoto huku akiomba. Alfajiri akambeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi akaishika ile chupa, akasoma maneno yote mpaka mwisho: "Do not give this medicine to a child under two years unless a doctor tells you to." Kisha akamwambia kwa upole, "Mama, hapa wanasema usimpe daktari asipokuagiza. Wewe daktari alikuagiza."

Mtoto alipona, twamshukuru Mungu. Wala hatumlaumu binti, kwa maana kila neno alilolisoma alilisoma sawasawa. Kosa lake ni kwamba aliishia nusu ya sentensi. Nusu ya pili, ile iliyoanza na neno "unless", ndiyo iliyobeba ruhusa.

Lakini kilichotuchoma zaidi ni maneno ya mama mwenyewe. Alituambia, "Mimi nilijua kabisa kwamba daktari ameniagiza. Ila likija suala la Kiingereza, namwamini mtoto kuliko ninavyojiamini mwenyewe." Ni mama wangapi miongoni mwetu wanasema hivyo kila siku? Tukaona tusikae kimya.

Mama anaweza kusaidia

Hapa Tanzania mtoto wa shule nyingi za msingi za serikali husoma hesabu, sayansi na maarifa mengine kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza kwa mara moja. Kwa ndugu zetu wa Kenya badiliko hilo huja mapema zaidi, wakati mtoto angali mdogo. Popote linapokuja, huja kama mto uliofurika. Mtoto anaweza kujua vizuri kwa nini udongo humomonyoka, lakini akaandika jibu ambalo mwalimu hawezi kulielewa. Alama hupotea, moyo huvunjika, na wengine huanza kuchukia shule.

Katika wakati huo mama wengi hujitoa. Husema, "Mimi niliishia darasa la saba, nitamfundisha nini?" Hebu tumkumbuke Timotheo. Baba yake alikuwa Myunani, na katika 2 Timotheo 1:5 Mtume Paulo anataja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wanawake wale wawili walimpa kijana kile walichokuwa nacho, na kilitosha kumwanzisha safari.

Sisi nasi tunacho kitu mkononi. Tunakijua Kiswahili. Na sehemu hii ya sarufi ya Kiingereza, mtu akiijua kwa Kiswahili, amekwisha kuijua kwa zaidi ya nusu.

Kishazi ni nini?

Kishazi ni kundi la maneno lenye kitenzi ndani yake, pamoja na yule au kile kinachotenda. Tukisema "baada ya mvua", hicho si kishazi, kwa sababu hakuna tendo. Tukisema "mvua ilinyesha", hicho ni kishazi, kwa sababu mvua imetenda.

Vishazi viko vya aina mbili. Kuna kishazi huru, ambacho kinaweza kusimama peke yake na maana ikatosha. Kuna na kishazi tegemezi, ambacho hakiwezi kusimama hadi kiegemee kingine.

Njia ya kuvitambua ni rahisi, nasi twaiita jaribio la "ehe". Fikiri jirani yako anabisha hodi, anaingia, anakuambia, "Mwanangu amefaulu." Kisha anaondoka. Utafurahi naye, utashangilia, maana habari imekamilika. Hicho ni kishazi huru. Siku ya pili anabisha hodi, anasema, "Mwanangu alipofaulu," kisha anaondoka. Je, utanyamaza? Utamfuata mpaka mlangoni ukimwuliza, "Ehe, ikawaje?" Hicho ni kishazi tegemezi. Kila maneno yanayokufanya uulize "ehe?" yanatafuta mwenzake wa kuegemea.

Kwa Kiingereza ni vivyo hivyo. "My child passed" ni kishazi huru. "When my child passed" ni kishazi tegemezi, msikilizaji bado anangoja. Ukiviunganisha unapata sentensi kamili: "When my child passed, we thanked God."

Hata hivyo tusidhani kwamba kishazi tegemezi ni cha bure kwa kuwa kinaegemea kingine. Mara nyingi ndicho kinachobeba sababu, wakati, au sharti. Kwenye ile chupa ya dawa, kishazi huru kilisema usimpe, na kishazi tegemezi ndicho kilichosema ni wakati gani unaweza kumpa.

Kiswahili hukificha ndani ya kitenzi

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Katika Kiswahili, alama ya kishazi tegemezi mara nyingi hukaa tumboni mwa kitenzi, nasi tunaitumia bila kuiona. Tazama:

"Nilipofika" ina -po- ya wakati. Kiingereza husema "when I arrived".

"Nikimwona" ina -ki- ya sharti. Kiingereza husema "if I see him".

"Usipokula" ina -sipo-, yaani sharti lenye kukanusha. Kiingereza husema "unless you eat" au "if you do not eat".

"Aliyekuja" ina -ye- ya kurejesha mtu. Kiingereza husema "who came".

"Kilichovunjika" ina -cho- ya kurejesha kitu. Kiingereza husema "which broke".

Mmeona? Kwetu ni silabi moja au mbili katikati ya neno. Kwa Waingereza ni neno zima linalosimama mbele ya kishazi, kama mtu anayeshika bendera mbele ya msafara. Mtoto akijifunza kuzitambua bendera hizo, atajua kishazi tegemezi kinaanzia wapi. Zile zinazokutana naye mara nyingi ni hizi: "when", "if", "because", "although", "unless", "until", "before", "after", "while", "who", "which" na "that". Mwandikie mwanao nyuma ya kalenda ya zamani, abandike karibu na mahali anaposomea.

Tahadhari mbili. Kwanza, "before", "after" na "until" zinaweza kufuatwa na jina tu, kama "after supper", yaani baada ya chakula cha jioni. Hapo hakuna kitenzi, basi hakuna kishazi. Pili, neno "who" au "when" likianza swali, kama "Who came?", sentensi hiyo ni huru, inasimama yenyewe. Mtoto aangalie maana, asiangalie bendera peke yake.

Makosa matano tunayoyabeba kutoka nyumbani

Tumepitia madaftari ya watoto wetu na ya majirani, na makosa haya matano yamejirudia mno. Hayatokani na uvivu. Mtoto anafikiri kwa Kiswahili safi, kisha anavivisha Kiswahili hicho nguo za Kiingereza.

La kwanza: "ingawa" na "lakini" pamoja. Sisi husema, "Ingawa ni maskini, lakini ana furaha," wala hakuna anayeshangaa. Mtoto huandika, "Although he is poor, but he is happy." Kiingereza hakikubali kamba mbili kwenye mzigo mmoja. Achague moja: "Although he is poor, he is happy," au "He is poor, but he is happy."

La pili: wakati ujao. Sisi husema, "Mama atakapokuja, tutakula." Ndani ya "atakapokuja" mna wakati ujao, basi mtoto huandika, "When Mother will come, we will eat." Katika Kiingereza, kishazi cha wakati ujao kinachoanza na "when" hutumia kitenzi cha wakati uliopo, na "will" hukaa kwenye kishazi huru tu. Iwe, "When Mother comes, we will eat." Ni hivyo hivyo kwa "if", "before", "after" na "until".

La tatu: -nge- mara mbili. Sisi husema, "Ningekuwa na fedha, ningenunua kitabu." Tumeweka -nge- huku na huku. Mtoto naye huandika, "If I would have money, I would buy a book." Kiingereza huweka "would" kwenye kishazi huru, na kwenye kile tegemezi huweka kitenzi cha wakati uliopita, ijapokuwa mambo yenyewe si ya zamani: "If I had money, I would buy a book."

La nne: kumtaja mtu mara mbili. Sisi husema, "Yule mama ambaye nilimwona sokoni ni mwalimu." Ile -mw- iliyo katika "nilimwona" inamrejea mama, na kwetu ni sahihi. Mtoto huandika, "The woman whom I saw her at the market is a teacher." Lakini "whom" imekwisha kumtaja huyo mama, haina haja ya "her" tena. Iwe, "The woman whom I saw at the market is a teacher." Vivyo hivyo kwa vitu. "The book which I bought it" ipunguzwe iwe "the book which I bought". Na mtoto asishangae akikuta katika vitabu "the book I bought" bila "which". Waingereza huiacha bendera hiyo mara kwa mara, lakini kishazi tegemezi bado kipo.

La tano: nukta iliyowekwa mapema. Mwalimu anauliza kwa nini mazao yalikauka. Mtoto anaandika, "The crops died. Because there was no rain." Katika mazungumzo hakuna atakayemkosoa, lakini katika karatasi ya mtihani sentensi ile ya pili imebaki yatima. Fanya jaribio la "ehe": "Kwa sababu hapakuwa na mvua." Ehe? Aiunganishe na mwenzake: "The crops died because there was no rain."

Tena tuseme neno juu ya "unless" iliyomkosesha jirani yetu usingizi. Kwa kuwa ukanusho uko ndani yake tayari, mtoto asiongeze mwingine. "Usipoharakisha, utachelewa" ni "Unless you hurry, you will be late." Akiandika "Unless you do not hurry", amegeuza maana nzima.

Mkato uwekwe wapi?

Kanuni ya kuanzia ni fupi. Kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato baada yake: "When the rain stopped, we went to the farm." Kishazi huru kikitangulia, kwa kawaida mkato hauhitajiki: "We went to the farm when the rain stopped."

Na vishazi huru viwili visiunganishwe kwa mkato peke yake. Kwa Kiswahili tunaandika, "Mama yangu ni muuguzi, anafanya kazi usiku," na inapita. Kwa Kiingereza, "My mother is a nurse, she works at night" huhesabiwa kuwa kosa. Aweke nukta katikati, au atumie kiunganishi kama "and", "but", "or" au "so": "My mother is a nurse and she works at night."

Kulisoma swali la mtihani

Mpaka hapa tumezungumza habari ya kuandika. Lakini watoto wengi huanguka kabla hawajaandika lolote, kwa sababu wamesoma nusu ya swali kama binti wa jirani yetu alivyosoma nusu ya maelezo ya dawa.

Chukua swali la namna hii la historia: "State three problems which African farmers faced before the Second World War began." Mwambie mwanao apige mstari chini ya amri yenyewe, yaani kishazi huru: "State three problems." Hilo ndilo analotakiwa kufanya: ataje matatizo matatu, si mawili wala kumi. Kisha azungushie duara zile bendera, "which" na "before", na ajiulize kila moja inasema nini. "Which" inamwambia ni matatizo ya nani: ya wakulima Waafrika. "Before" inamwambia ni ya wakati gani: kabla vita haijaanza. Mtoto anayeyajua matatizo ya baada ya vita, akayaandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, atapata sifuri, naye atarudi nyumbani akilia kwamba mwalimu hampendi.

Hata hesabu ziko hivyo. "If a trader bought 20 eggs at 300 shillings each and sold them at 400 shillings each, find the profit which she made." Amri iko karibu na mwisho: "find the profit." Vyote vilivyoanza na "if" ni habari za kumsaidia. Mama anayeuza mayai atalijibu swali hili kabla mtoto hajachukua kalamu: faida ni shilingi 100 kwa kila yai, jumla shilingi 2,000. Kilichokuwa kigumu kilikuwa Kiingereza chake, na sasa tumeona kwamba nacho kina mlango.

Zoezi la jikoni

Hatuhitaji ubao wala chaki. Jioni mnapochambua mchele au kumenya viazi, fanyeni hivi.

Mama aseme kishazi tegemezi kwa Kiswahili, kwa mfano, "Nilipofika sokoni..." Mtoto aseme "ehe?" kisha akimalizie: "Nilipofika sokoni, nilinunua dagaa." Baadaye aiseme sentensi yote kwa Kiingereza: "When I reached the market, I bought some fish." Anayefuata aseme ya kwake yenye -ki-, mwingine yenye -sipo-, mwingine yenye -ye-. Wadogo nao watacheka na kushiriki, kwa kuwa sehemu ya Kiswahili wanaiweza.

Mtoto akikosea, tusimcheke wala tusimwambie kwamba ada imepotea bure. Mwulize tu, "Hapo umesema nini kwa Kiswahili?" Atakuambia, na mara nyingi utaliona kosa limetokea wapi. Ikiwa wewe mwenyewe huna hakika na Kiingereza chake, aliandike kwenye karatasi ampelekee mwalimu kesho yake. Si aibu kwa mama kusema, "Mwanangu, hili silijui, kaulize, ukirudi unifundishe." Mtoto anayemfundisha mama yake hasahau somo hilo.

Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Na baba akiwepo, aitwe naye. Pengine atagundua kwamba "ingawa na lakini" ni kosa lake pia katika barua za kazini.

Jambo la mwisho kwa ajili ya usalama wa nyumba. Maelezo ya dawa yasisomwe nusu. Usiondoke zahanati wala duka la dawa kabla hujaelezwa kwa lugha unayoielewa: dawa gani, kiasi gani, mara ngapi, na ni wakati gani isitolewe. Ukiona maandishi ya chupa yanapingana na uliyoambiwa, rudi ukaulize. Na anayekusomea nyumbani mwambie, "Soma mpaka kwenye nukta."

Na sisi tunasomaje?

Akina mama wapenzi, tulipokuwa tukiandaa safu hii tulijikuta tunajihukumu wenyewe. Binti yule aliishia kwenye katazo akaikosa ruhusa. Sisi watu wazima kanisani mara nyingi hufanya kinyume chake: tunaishika ahadi, tunaliacha sharti.

Fungueni 2 Mambo ya Nyakati 7:14. Tumeusikia mstari huo ukinukuliwa katika mikutano mingi ya maombi, na tunapenda sehemu ile ya mwisho, ya Mungu kusikia, kusamehe na kuponya nchi. Lakini kabla ya ahadi hiyo kuna kishazi tegemezi kirefu chenye masharti manne: watu wajinyenyekeze, waombe, wamtafute Mungu, na waache ubaya wao. Ni mara ngapi tumeomba nyumba zetu zipone, huku tukiwa na jirani ambaye hatujasalimiana naye tangu mwaka jana? Tumesoma nusu ya sentensi.

Basi mwezi huu tujizoeze mambo mawili. Tukae na watoto wetu juu ya daftari la Kiingereza bila hofu, maana yule anayekijua Kiswahili ana ufunguo mmoja tayari. Na tunapofungua Neno la Mungu, tusome kama yule muuguzi alivyosoma, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Jirani yetu ametuambia kwamba chupa ile ilipokwisha hakuitupa. Aliiosha, akaiweka juu ya kabati, maandishi yakiwa yametazama mbele. Binti yake akikaa kufanya kazi za shule na kuanza kuruka maneno, mama humwonyesha chupa kwa kidole, hasemi kitu. Binti hucheka, kisha hurudia kusoma.